Bwana Leander Boutilier Anakaribishwa Kukaa Mezani

Leo, tarehe 30 Septemba 1949, Bwana Leander Boutilier anastaafu baada ya kuitumikia simu ya upepo, ile isiyo na waya, baharini kwa miaka arobaini na mmoja. Chakula cha mchana cha kumuaga kimeandaliwa humu humu melini, katika ukumbi wa chakula wa Cape Mabou, tukiwa njiani kutoka Halifax kwenda St. John's, saa sita kamili. Kila mtu atapata sahani, kiti na kijitabu hiki. Mgeni wa heshima naye amewekewa kiti, kile cha kichwani mwa meza, ila mpaka naandika haya hajakubali kukikalia.

Nahodha Creaser alipompelekea habari ya sherehe, Leander alijibu bila kuvua vipokea sauti masikioni. "Nitapita, Nahodha. Nitasimama pale mlangoni, nile kipande cha keki, nirudi kazini."

"Mtu hapiti kwenye sherehe yake mwenyewe, Leander, kama anayepita dukani kununua chumvi."

"Basi keki waifunge kwenye karatasi."

Hiyo ndiyo shida tuliyo nayo, na ndiyo maana maandishi haya nimeyaanza mara tatu nikayaacha mara tatu, nikatoka sitahani kutembeatembea, nikarudi. Mimi ni Idella Publicover, ninayekirithi chumba chake cha redio kuanzia kesho. Nimepanda safari hii ili anikabidhi mashine, na kwa kuwa ndimi mwenzake wa kazi pekee niliyemo melini, nimepewa na jukumu la kumwandikia wasifu. Nilimwambia jambo jepesi: wakati wa chakula nitakaa mimi kwenye mashine, yeye aende akale. Akanitazama kwa huruma.

"Siyo kwamba sikuamini wewe, binti," alisema. "Siiamini meza."

Wengi wenu mmekula naye miaka mingi, maana yake mmekula yeye akiwa amesimama na kikombe cha bati mkononi, mguu mmoja umeshatoka mlangoni. Mmezoea kusema ndivyo alivyo, mtu asiyetulia. Ni kweli kwamba kutulia hakukuwa kipaji chake tangu zamani, lakini meza ni habari nyingine, na haiwezi kueleweka bila kurudi kule kazi hii ilikoanzia.

Leander ni mtoto wa fundi mapipa wa Hubbards. Alipokuwa kijana alikuwa karani wa simu katika stesheni ya reli ya Truro, anagonga nukta na mistari kutwa nzima, treni hii imetoka, treni ile imechelewa. Mkuu wa stesheni alilalamika kwamba kijana huyu anakaa kama kuku anayetaka kutaga. Kisha mwaka 1908 akaja bwana mmoja wa kampuni ya simu ya upepo, amevaa kofia ndefu, akauliza makarani ni nani anayejua nukta na mistari na haogopi kutapika. Mikono miwili ikainuliwa. Mmoja wa Leander, mwingine wa Simeon Lohnes, kijana wa Lunenburg aliyekaa dawati la pili, mcheshi, mwenye mdomo usio na mlango.

Hapakuwa na chuo wakati ule, wala cheti, wala sare. Walifundishwa darini, juu ya ghala la samaki wa chumvi kwenye gati la Halifax, na mwalimu wao mwenyewe alikuwa anajifunza. "Alituzidi majuma mawili tu," Simeon husimulia, "na moja kati ya hayo alikuwa mgonjwa." Walijifunza kuwasha cheche, kuchaji betri, kusikiliza sauti nyembamba kama ya mbu kati ya mngurumo wa hewa, na kukimbia kama jambo limeharibika. Baada ya hapo kila mmoja alipewa meli.

Kusema walipewa meli ni kuwapamba. Kampuni ya simu ya upepo ilikuwa inakodisha mashine kwa wenye meli, na mtu akiwa ndani yake, kama unavyokodi kinanda pamoja na mpigaji. Mshahara ulitoka kampuni ya simu. Ili sheria ya bahari impe nahodha haki ya kumwamuru, kijana aliandikishwa pia kama mtu wa meli kwa shilingi moja ya mwezi. Mabaharia walisema huyu si wetu, hashiki kamba. Maofisa walisema huyu si wetu, hashiki usukani. Abiria walidhani ni mtu wa posta. Wote kwa pamoja walimwita Cheche, jina ambalo sisi warithi wake tunaitwa mpaka leo na hatukumbuki tena kwamba lilikuwa la dhihaka.

Meli ya kwanza ya Leander ilikuwa Lady Ardoise, ya abiria na mizigo, iliyokuwa ikipita njia hii hii. Nahodha wake alikuwa Enos Himmelman, baharia hodari ambaye hakupenda kitu chochote kilichovumbuliwa baada ya yeye kubarikiwa kanisani. Alimjengea Cheche kibanda cha mbao nyuma ya dohani, mahali ambapo masizi yanashuka na mvua haikawii. Mashine za siku hizo zilipiga kelele. Kila nukta ilipasuka kama mjeledi, na meli nzima ilisikia ukimtumia mtu salamu za kuzaliwa.

"Kijana," Himmelman alimuuliza siku ya kwanza, "hiyo radi yako inaisha saa ngapi?"

"Dunia ikinyamaza, Nahodha."

"Mimi nimepita bahari hii miaka thelathini bila kuongea na mtu yeyote wa ng'ambo."

"Labda walikuwa wanakuita, Nahodha."

Kwa jibu hilo alinyimwa blanketi la pili mpaka walipofika Newfoundland. Sasa tufike kwenye suala la chakula. Mtu asiye wa maofisa, asiye wa mabaharia, asiye abiria, anakula wapi? Hakuna aliyejua. Ofisa wa kwanza alimwambia ajaribu chini. Chini wakamwambia ajaribu juu. Mpishi akawa anampa sahani mlangoni kama anayemlisha paka wa jirani, naye anakwenda kula kibandani, sahani magotini, vipokea sauti masikioni. Vijana wote wa kazi hii waliishi hivyo. Leander anasema hakikumuuma kitu kingine, si masizi, si shilingi moja, kama kukosa mahali pa kukaa na wenzake. Usiku na mchana alisikia watu wa mbali, na wa karibu hawakumsemesha.

Alichokuwa nacho ni Simeon. Simeon alipangiwa meli nyingine ya njia hizi, Bonaventure Belle, na kila walipokaribiana waliongea kwa cheche. Wasomaji wasio wa kazi hii wajue kwamba kila mgongaji ana mkono wake. Nukta ni nukta, lakini huyu anaziburuta, yule anaziuma, na ukizoea unamtambua mtu kabla hajajitaja, kama unavyomtambua wa nyumbani kwa hatua zake ngazini. Simeon alifungua kila mazungumzo kwa swali moja, "Leander, upo?" na Leander akajibu, "Nipo, sema." Hapo ndipo umbea ulipoanza, nani kafukuzwa, nani kaoa, bei ya soksi St. John's. Kwa vijana wawili waliokula magotini, swali lile ndilo lililokuwa nyumbani.

Mwanzoni mwa mwaka 1911, Himmelman akabadilika. Alikuwa amegundua kwamba abiria wa daraja la kwanza wanapenda habari mpya, na habari mpya zinapitia kwa Cheche. Akamwita.

"Unajua kusoma kwa sauti?"

"Najua, Nahodha."

"Basi kuanzia kesho utakuja ukumbini saa ya chakula cha mchana, uwasomee abiria habari za dunia. Utavaa koti jeupe. Utakaa meza yangu."

Meza yangu! Mtu aliyekuwa akilishwa mlangoni anaambiwa meza ya nahodha. Leander alishonewa koti lenye vifungo vya shaba, akajifunza uma upi wa samaki na upi wa nyama, akawa anasoma habari za mbio za farasi na maandalizi ya kutawazwa kwa mfalme huku mabibi wakiacha kutafuna ili wamsikie. Simeon alimcheka kwa cheche: umekuwa mtu mkubwa, siku hizi mchana hupatikani, unakula kwa kisu cha fedha. Leander alicheka naye. Lakini kibanda kule juu, kwa muda wote wa chakula, kilikuwa hakina mtu. Meli moja ilikuwa na Cheche mmoja. Akiwa mezani, meli ni kiziwi. Hakuna aliyeliona hilo kuwa kosa. Ndiyo ilikuwa desturi, kwenye meli nyingi, na manahodha waliona fahari.

Hapa karani wa kampuni yetu aliniomba niruke. Alisema sherehe ni ya furaha. Nilikwenda kumuuliza Simeon Lohnes, kwa kuwa habari ni yake kama ilivyo ya Leander, naye akanijibu akiwa anafunga unga dukani kwake. "Iandike. Ukiiruka, Leander atasimama mwenyewe aiseme, na supu itapoa."

Ilikuwa Aprili, barafu imeshuka kutoka kaskazini na ukungu umelala juu yake. Asubuhi Simeon na Leander walikuwa wamesalimiana, kwa hiyo kila mmoja alijua mwenzake yuko mwendo wa saa moja tu. Saa ya chakula, Bonaventure Belle iligonga barafu ikapasuka ubavu. Simeon alituma wito wa hatari. Kimya. Akatuma tena. Kisha, kwa kuwa alijua ni nani aliye karibu, akaacha wito wa sheria akaanza kuita kwa jina. Leander, upo? Leander, upo?

Leander alikuwa anasoma habari ya farasi. Bwana mmoja alimwomba airudie, kwa kuwa alikuwa ameweka dau, na watu wakacheka, naye akairudia kwa madaha. Alikula na maandazi ya tufaha. Aliporudi kibandani, bado na utamu mdomoni, akavaa vipokea sauti na kusikia mkono aliokuwa akiujua kuliko mkono wowote duniani, dhaifu, umeburutika, ukiuliza swali lile lile. Akajibu, "Nipo, sema." Maji yalikuwa yameshaingia kwenye betri za Simeon. Hakujibiwa.

Alikimbia kwa nahodha na koti lake jeupe. Na Himmelman, tumpe haki yake, hakuuliza swali hata moja. Aligeuza meli na kuiendesha ndani ya ukungu ule kama mwendawazimu, akiwa amesimama omo mwenyewe kutazama barafu. Waliwapata kwenye mashua jioni haijaingia. Wachochea moto wawili, Bwana Ira Knickle na Bwana Otto Rafuse, walikuwa wameshakufa kwa baridi. Simeon alikuwa hai. Alikuwa amegonga kwa mikono mitupu mpaka maji yalipomfika kiunoni, kisha akapiga kasia kwa mikono ile ile iliyolowa, na vidole vitatu vya mkono wake wa kulia vilikatwa Halifax juma lililofuata. Hakugonga tena melini.

Kuanzia siku ile Leander Boutilier hajakaa mezani. Namaanisha hivyo hivyo nilivyosema. Si melini, si hotelini, si nyumbani kwake. Bi Beulah, mkewe, aliniambia kwamba siku ya harusi yao alisimama nyuma ya kiti chake akiwamiminia wageni chai, na watu wakamsifu kwa unyenyekevu. "Nikajua nimeolewa na mtu anayesubiri kuitwa," alisema, "ila sikujua na nani."

Mengine yote mazuri aliyoyafanya, na ni mengi, yalitokana na kutokukaa huko. Alirudisha koti jeupe kwa Himmelman likiwa limekunjwa, akamwambia kwamba hatarudi ukumbini mpaka meli ipate Cheche wa pili. Himmelman aliona aibu kumkatalia. Alikwenda naye mwenyewe kwa wenye meli, nahodha mzee na kijana wa shilingi moja, wakaomba mtu wa pili, wakaambiwa kwamba chumba cha mtu wa pili kinaweza kubeba marobota ya pamba. Walirudi tena. Mwaka uliofuata, meli kubwa ya abiria ilipogonga barafu na kuzama, dunia nzima ilijifunza katika bahari hii hii, kwa gharama ambayo kila mtu anaijua, kwamba meli inayolala masikio ni hatari kwa jirani yake, na sheria zikaanza kuandikwa. Wenye meli walewale wakasema walikuwa na wazo hilo siku nyingi. Leander hakuwabishia, alikuwa anatafuta kitanda cha mtu wa pili.

Kazi ikapata jina, vyuo vikafunguliwa, sare ikaja na ukanda wa dhahabu mkononi, na maofisa wakaanza kusogeza viti ili Cheche akae. Aliyehangaika kukipata kiti hicho ndiye pekee asiyekikalia. Kampuni ilimpa nafasi kwenye meli kubwa zenye wagongaji watatu wa kupokezana. Alikataa kila mara. Alitaka meli ndogo, ambazo sheria inaziruhusu kuwa na mgongaji mmoja, kwa sababu, alisema, huko kwingine watu wa kusikiliza wapo. Wakubwa walimwona mjinga wa kukimbia cheo. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Alizunguka kwenye meli saba na kila mara akarudi kwenye njia hii ya ukungu na barafu.

Mpishi wetu, Bwana Roscoe Wambolt, ndiye aliyelisha kutotulia huko kwa miaka mingi. Alibuni kile chakula mnachokijua nyote, kitumbua kikubwa cha viazi na chewa wa chumvi kilichofungwa ndani ya mkate, kinachoshikika kwa mkono mmoja na hakimwagiki bahari ikichafuka. Mabaharia walikiita Boutilier. Kuna mgahawa Halifax unakiuza sasa kwa jina hilo, na mwenye mgahawa anadhani Boutilier ni kijiji.

"Mimi ni mpishi wa miaka ishirini na tano," Wambolt alilalamika kwangu juzi. "Nimepika bata, nimepika kondoo. Yule mzee hajawahi kuona sahani yangu hata moja. Ananijua kwa karatasi."

Wakati wa vita Leander alisafiri kwenye misafara ya meli, ambako mgongaji hakuruhusiwa kugonga hata nukta, asije akawaonyesha adui njia. Aliruhusiwa kusikia tu. Aliwasikia wengi wakiita na hakuweza kuwajibu. Hilo halizungumzii, nami sitalizungumza kwa niaba yake, ila wale waliokuwa naye wanasema miaka ile goti lake halikuacha kucheza hata akiwa usingizini.

Mimi nilimjua kwa mkono kabla sijamwona. Nilikuwa nimerudi kutoka kwenye meli ya Wanorwe, ambao wakati wa vita hawakuona ajabu kumpa mwanamke kazi hii, nikapangiwa kituo cha pwani. Kila siku ulipita mkono mmoja wa haraka, kama mtu anayeshuka ngazi mbilimbili. Siku moja niko dukani Halifax nanunua nyuzi, nikasikia mtu anagonga kaunta kwa kijiko akisubiri chai. Nikageuka. "Wewe ni Boutilier wa Cape Mabou."

Akanitazama. "Na wewe ni yule wa kituoni anayeuma nukta za mwisho."

"Siziumi."

"Unaziuma. Lakini upo wakati wote, sijawahi kukuita ukakosekana." Kwake yeye hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote. Aliponipendekeza nimrithi, kampuni ilimuuliza kama amefikiri vizuri, mwanamke, peke yake, kwenye njia ya barafu. Aliwajibu kwamba amefikiri tangu 1911, na hakuna anayezama aliyewahi kumuuliza kuhusu sketi.

Ndipo tunaporudi kwenye kiti cha kichwani mwa meza, na sherehe yetu iliyo saa ya chakula cha mchana. Najua ni kitu gani kinachomtisha. Leander ana miaka sitini na mbili. Kesho atashuka St. John's akiwa hana mashine, na mbele yake kuna milo mingi sana. Kama leo hatakaa, na hapa ndipo wenzake walipo, basi atakula akiwa amesimama mpaka siku ya kuzikwa. Bi Beulah aliniambia hivyo bila machozi, kwa sauti ya mtu aliyeshapiga hesabu. Nami roho yangu haijatulia tangu aniambie.

Kwa hiyo tumefanya yafuatayo, na tunaomba radhi kwa njama hii. Mnaposoma hapa, tazameni upande wa pili wa meza. Yule bwana mwenye tai ya bluu ni Simeon Lohnes. Alipandishwa Halifax jana na kufichwa katika chumba cha mhandisi mkuu, ambako amelalamika mfululizo kwamba chai ya huko ina ladha ya grisi. Alipoulizwa kama safari haitamchosha, alisema: "Kila Krismasi anakuja kwangu Lunenburg, anakula soseji akiwa amesimama kando ya jiko. Mke wangu anadhani hapendi viti vyetu. Mimi nilipoteza vidole vitatu, yeye kapoteza milo yote. Nani kati yetu alizama?"

Nilimuuliza kama aliwahi kumkasirikia. "Siku chache, hospitalini," alisema. "Nilikuwa kijana na mkono unauma. Lakini sikukasirika kwamba alikuwa anakula. Mtu hula. Nimekasirika miaka yote hii kwamba hakai chini akala."

Jambo la pili. Mhandisi amevuta waya kutoka chumba cha redio mpaka chini ya kichwa cha meza, na mwishoni mwake kuna kengele. Kama mnavyojua, meli zote duniani sasa hunyamaza mara mbili kila saa, dakika tatu, ili aliye dhaifu asikike. Saa sita na robo nitanyamaza nazo na kusikiliza. Kengele ikilia mara moja, maana yake bahari ni shwari, hakuna anayeita, endeleeni kula. Ikilia bila kukoma, Nahodha Creaser ameshaahidi kwamba atageuza meli kabla hajameza. Kengele hiyo haitakuwa ya leo tu. Nahodha amekubali ibaki pale, na kuanzia kesho, kila saa ya chakula, mtu wa ukumbi huu ataniletea sahani kule juu, nami nitaibonyeza. Meli hii haitakuwa kiziwi tena kwa sababu watu wanakula. Sasa kazi yako tumeiweka hata kwenye meza, Leander, na meza unaweza kuiamini.

Ndiyo, sasa naongea na wewe. Kama umesoma mpaka hapa, umesoma ukiwa umesimama mlangoni, kijitabu mkono mmoja, na mkono wa pili unatafuta keki. Keki haipo. Wambolt ameificha mpaka utakapomaliza supu, na amesema safari hii hatafunga kitu chochote kwenye karatasi.

Tunakushukuru kwa masikio yako. Tunakushukuru kwa kitanda cha mtu wa pili, na wa tatu, na kwa kila kijana uliyemfundisha kwamba kazi yetu ni kusikia kwanza. Tunawakumbuka pamoja nawe Ira Knickle na Otto Rafuse. Tunakutakia ufukwe wenye habari ndogondogo, goti lililotulia, Bi Beulah akikulalamikia kwamba unakaa sana, na supu inayopoa kwa sababu ya maongezi tu.

Sasa hivi Simeon atachukua uma kwa mkono wa kushoto na kugonga ukingo wa sahani. Amefanya mazoezi siku mbili chumbani kwa mhandisi, na mkono ni ule ule, utautambua. Atakuuliza swali lake. Safari hii uko karibu, na mashine hazina maji. Vuta kiti, kaa, halafu umjibu.

Mimi niko huku juu, nasikiliza.

Idella Publicover
Ofisa wa redio, Cape Mabou